Kaka Mwenye Jina la Ugonjwa na Shemeji Asiye Nalo

Faili lilinifikia siku mbili kabla ya mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa daktari wa magonjwa ya akili, na mstari wa tatu ulisema mgonjwa ana sonona pamoja na tatizo la haiba la kinarsisisti, yaani mwenendo wa kudumu wa kujikweza na kuwa na kiu ya sifa. Sonona niliisoma nikapita. Lile la pili lilinisimamisha. Asubuhi ya kikao cha kwanza nilijikuta nimesogeza kiti changu upande wa mlango, jambo ambalo sikuwa nimemfanyia mteja yeyote mwaka ule, wakiwamo wawili waliotoka gerezani kwa kosa la kujeruhi. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu huyu ni hatari. Barua haikutaja tishio, ugomvi wala silaha. Nilichokuwa nacho ni neno tu.

Naanza na kiti kile kwa sababu kisa hiki chote ni habari ya watu walioshikwa na neno, nami nilikuwa wa kwanza. Mambo yanayoweza kuwatambulisha wahusika nimeyabadilisha. Mteja huyo na dada yake wamesoma maelezo haya wakakubali yaandikwe.

Aliingia mwanamume wa miaka karibu arobaini, shati limenyooshwa, akakitazama chumba kwa kituo kisha akaniuliza nimesomea wapi. Nilipomjibu akasema, "Sawa, tutaona." Ni mhandisi. Alikuwa ameongoza kitengo kwa miaka sita, akaondolewa, na nafasi yake akapewa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Siku hiyo hiyo aliandika barua ya kuacha kazi. Kwa miezi mitatu hakumwambia mtu. Kila asubuhi alivaa, akachukua mkoba, akaaga, akaenda kukaa ndani ya gari hadi jioni. Kilichomfikisha hospitalini ni kukosa usingizi, na baada ya usingizi yakaja mawazo kwamba afadhali asingekuwapo.

Utambuzi wake haukufanywa kwa haraka. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, uliolitaja tatizo hili kwa mara ya kwanza mwaka 1980, una vigezo 9 na unataka angalau 5 vithibitike. Wiki moja ya majivuno haitoshi, wala miaka miwili ya kiburi baada ya kupandishwa cheo haitoshi. Lazima mwenendo uwe umeanza tangu ujana, uonekane kazini, nyumbani na kwa marafiki, na uwe unamharibia mtu maisha. Daktari alikutana naye mara tano ndipo akaandika. Alikuta mtu mwenye kiu ya sifa isiyokatika, anayeamini watu wa kawaida hawana uwezo wa kumwelewa, anayetarajia kutangulizwa bila kuomba, mwenye wivu unaomnyima raha, na ambaye uchungu wa mwenzake humpita kama gari linavyompita mtu aliyesimama akifikiria mambo yake.

Sitaki kumsafisha. Mama yao alipolazwa, alimaliza saa ya kumwona mgonjwa akibishana na wauguzi kwamba yeye anastahili kuzungumza na daktari mkuu. Alikopa fedha kwa dada yake, na siku alipokumbushwa alinuna kana kwamba ametukanwa. Rafiki yake wa tangu shule alipopata cheo, alikata mawasiliano naye kwa miaka miwili. Dada yake alipohitimu alimwambia, mbele ya wageni, kwamba fani aliyoisomea ni ya kujazia nafasi. Dada aliyabeba maneno hayo miaka kumi na moja, na alipoyarudia mbele yangu alikumbuka hata mahali kaka yake alipokuwa amesimama. Haya ni maumivu halisi, na ugonjwa hauyafuti.

Ila niliuliza pia maswali ambayo huwauliza watu wote ninapotafuta ukatili, nikamuuliza yeye, na baadaye nikamuuliza dada yake. Amewahi kumpiga mtu? Kumfungia? Kumfuatilia? Kushika fedha za mwingine ili asiende popote? Kumtishia? Hapana, kwa yote. Alikuwa mtu wa kuumiza kwa ulimi na kwa kutokuwapo. Anapokasirika huondoka. Hakuna aliyekuwa akimwogopa. Walikuwa wamechoka naye, jambo ambalo ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo iliyopotea wiki chache baadaye.

Ilipotea kwa sababu ya tendo jema. Tulipofika kikao cha sita aliamua kumwambia dada yake majibu ya daktari. Kwa mtu aliyeficha hata kuacha kazi, hilo lilikuwa kama kuvua nguo hadharani. Alitaka, kwa maneno yake, "ajue kwamba kuna sababu." Dada yake alisikiliza, akamshukuru, akafika nyumbani, akaandika neno lile kwenye simu.

Mnajua kinachotokea ukiliandika. Video baada ya video: jinsi ya kumtambua narsisisti, jinsi ya kumkimbia, kwa nini hawabadiliki kamwe, kwa nini hata machozi yao ni mtego. Katika video zile tatizo la haiba na ukatili ni kitu kimoja chenye majina mawili. Ndani ya siku nne zilikuwa zimefika kwenye kundi la familia, zikiwa na maelezo mafupi: "Huyu ndiye kaka." Wajomba walizitazama. Shangazi mmoja akashauri mama asiachwe naye peke yake. Watoto wa dada, ambao walikuwa wakienda kwake wikendi kuchezea vifaa vyake vya umeme, wakakatazwa. Na kila jambo la zamani likapata maana mpya. Ada aliyomlipia binamu yao sasa ilikuwa mbinu ya kumteka. Kimya chake kilikuwa adhabu, maneno yake yalikuwa hila, na alipoomba radhi kwa mara ya kwanza tangu wamjue, alijibiwa kwamba video ilishasema ataomba radhi.

Hebu lifikirieni hilo la mwisho. Kitu ambacho tiba ilikuwa inakijenga kwa shida, mtu huyu kusema "nimekosa" bila kuongeza "lakini", kilipotokea kilihesabiwa kuwa dalili. Aliacha kuja kwa wiki tano. Nilipompata kwa simu alisema, "Kama mimi ni shetani, niambie dawa ya shetani ni ipi, nije kuchukua."

Unyanyapaa huumiza kila mgonjwa wa akili, lakini katika tatizo hili una ubaya wa pekee, kwa kuwa unagusa pale pale penye kidonda. Madaktari wa akili Heinz Kohut na Otto Kernberg, waliolichambua kwa kina katika miaka ya 1960 na 1970, walibishana kwa muda mrefu. Kohut alimwona mtoto ambaye hakupata kwa wazazi macho ya kutosha ya kumwambia kwamba ana thamani. Kernberg aliona ngome iliyojengwa kuzuia hasira na wivu. Lakini katika maandishi yao humwoni mtu aliyejipenda kupita kiasi. Unamwona mtu asiye na mahali imara pa kusimama ndani yake, anayeishi kwa kuazima thamani kutoka machoni pa wengine, na ambaye aibu kwake ni kama kuanguka shimoni. Mteja wangu alipoondolewa kwenye uongozi hakupoteza cheo tu. Alipoteza kitu pekee kilichokuwa kikimwambia kwamba yupo. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umwambie kwamba ana ugonjwa ambao maana yake ni ubaya wenyewe. Ngome itapanda juu zaidi, au itabomoka na yeye akiwa ndani. Wiki zile tano sikulala vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo video hazisemi. Huambiwa kwamba watu hawa hawana kabisa uwezo wa kuona moyo wa mwingine. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2011 uliutenganisha uwezo huo katika sehemu mbili: kutambua mwenzako anahisi nini, na kuguswa na anachohisi. Wagonjwa waliothibitishwa kuwa na tatizo hili walionyesha upungufu katika kuguswa, ilhali katika kutambua hawakutofautiana sana na watu wengine. Niliukumbuka utafiti huo siku ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki.

Alirudi, kwa sharti moja: nimwite dada yake. "Nataka umwambie wewe kwamba mimi si mnyama." Nilisita. Msimamizi wangu, mtu mwenye uzoefu kunizidi mara mbili, aliniambia wazi kwamba ni mapema na kwamba nitajikuta hakimu wa ugomvi wa ndugu. Hadi leo tunabishana juu ya hilo, na kwa hoja zake za kitaalamu nadhani alikuwa sahihi. Nilimwita hata hivyo, kwa ridhaa ya wote wawili.

Dada alikuja na daftari. Alikuwa mtaratibu, mwenye sauti ya chini, amejiandaa kama mtu anayekwenda kutoa ushahidi. Ukurasa mzima ulikuwa na dalili alizonakili, kila moja ina alama ya tiki na mfano pembeni. Alianza kusoma. Simu yake ikaita, akaipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, akasema "bado nipo kwa mshauri," akakata. Akaendelea. Ikaita tena. Mara ya tatu alitoka nje, akapiga picha ya bango la mlangoni, akaituma, akarudi kuketi akiomba radhi kwa usumbufu. Mara ya nne aliipokea huku mkono wake mwingine ukikusanya daftari, kama mtu ambaye muda wake umekwisha.

Mimi nilikuwa naandika. Nilikuwa nimezama katika ugomvi wa ndugu hadi sikuliona lililokuwa mbele ya pua yangu. Aliyeliona ni mwenye ugonjwa.

"Umeniita narsisisti mbele ya ukoo mzima," alimwambia. "Mimi lini nilikuomba picha ya mlango?"

Alilisema ili ashinde. Naijua sauti yake ya kushinda, nimeisikia mara nyingi. Hakukuwa na upole ndani yake. Lakini lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa chumbani mle siku hiyo, yangu yakiwamo.

Dada alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Yule ananijali tu. Tena nilishampima. Wewe ulipata tisa kwa kumi. Yeye alipata mbili."

Alikuwa amewapima wote wawili kwa jaribio la maswali kumi alilolikuta kwenye simu. Je, anajisifu? Je, anapenda mazungumzo yamhusu yeye? Je, anakasirika akikosolewa? Je, anadharau watu? Kaka mtu alifeli vibaya sana, na kwa haki. Mume alipita. Mume ni mtu mnyenyekevu, husikiliza kuliko kusema, na akisema watu hunyamaza wamsikie. Majirani humwita kusuluhisha magomvi. Hajawahi kujisifu mbele ya mtu.

Nilimwomba kaka atupishe, nikabaki na dada kwa dakika kumi, na baadaye mwenzangu anayeshughulikia ukatili wa majumbani akaendelea naye peke yake, kwa saa na njia ambazo haziwezi kuonekana kwenye simu ile. Yaliyotoka yalitoka polepole. Mshahara wake huingia katika akaunti ambayo kadi yake anayo mume. Akitaka nauli huomba, na huulizwa jana alitumia ngapi. Marafiki walipungua mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sababu iliyoonekana ya busara. Akichelewa dakika ishirini, mume hakaripii; huacha kusema naye siku tatu, na watoto nao huambiwa wasimsumbue mama yao kwa kuwa "hajatulia." Mara nyingi humweleza, kwa upole, kwamba jambo analolikumbuka halikutokea. "Hajawahi kunipiga," alisema, kisha baada ya kitambo, "isipokuwa mara mbili."

Na katika nyumba hiyo ndimo alimokuwa akikaa usiku kutazama video za kujilinda dhidi ya kaka yake.

Simlaumu hata kidogo. Alijua moyoni kwamba kuna mtu anamdhuru. Mwili wake ulijua, usingizi wake ulijua. Akatafuta, akapewa neno moja na picha moja: mtu wa kelele, mwenye majivuno, anayejipenda. Akatazama huku na huku ndani ya familia yake akamwona anayefanana na picha. Neno likamtuliza kwa upande wa mume na kumwogofya kwa upande wa kaka, yaani lilifanya kinyume kabisa cha kazi ambayo wanaolisambaza wanadhani linafanya.

Je, hakuna uhusiano wowote basi kati ya unarsisisti na ukatili? Upo, na asiseme mtu haupo. Mwaka 2021 Sophie Kjærvik na Brad Bushman walichapisha majumuisho ya tafiti 437 zenye washiriki zaidi ya 123,000, wakakuta kwamba unarsisisti na uchokozi hufuatana kwa kipimo cha 0.26, katika mizani ambayo 0 maana yake havihusiani na 1 maana yake havitengani kamwe. Majumuisho mengine ya mwaka 2023, yaliyotazama ukatili baina ya wenza peke yake, yalipata uhusiano hafifu zaidi, 0.15. Tena tafiti za namna hii kwa sehemu kubwa hupima tabia kwa hojaji miongoni mwa watu wa kawaida. Hazipimi wagonjwa waliothibitishwa na daktari. Kwa hiyo anayesema "akiwa nalo ni mkatili" hana ushahidi. Mwenye kusema "asipokuwa nalo yuko salama" ananitia hofu zaidi, kwa maana huyo anaweza kumrudisha mtu kwenye hatari.

Tazameni wingi wa mambo yenyewe. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani yaliyotolewa mwaka 2021 yanasema takriban asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenza wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza wao. Makadirio ya tatizo hili la haiba katika jamii huanzia karibu na sifuri, na la juu linalotajwa sana ni asilimia 6.2, kutoka utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2008. Ukatili ni mpana mno, na wa kawaida mno, kuelezwa kwa ugonjwa wa wachache. Una mizizi katika kile ambacho mtu anaamini ana haki nacho juu ya mwenzake, na imani hiyo hukaa vizuri kabisa ndani ya watu wenye afya njema ya akili, wapole, wanaosuluhisha majirani.

Waliofanya kazi na wanawake waliopigwa walilijua hili zamani. Mwaka 1984, katika mji wa Duluth, Marekani, walichora gurudumu la mamlaka na udhibiti kutokana na yale wanawake wenyewe waliyoyasimulia: vitisho, kutengwa na watu, kubanwa kwa fedha, kutumiwa kwa watoto, kukana kilichotokea. Hakuna kipande cha gurudumu hilo kinachouliza daktari amesema nini. Sheria nayo ilipokuja kulitambua jambo hili ilifuata njia hiyo hiyo. England na Wales zilipofanya mwaka 2015 kuwa ni kosa la jinai kumtawala mwenza kwa kumbana na kumtisha, hata bila kumpiga, walichotaka kithibitishwe ni mwenendo na madhara yake. Hakuna mwendesha mashtaka anayelazimika kuthibitisha haiba ya mtu.

Nimeulizwa na wenzangu kama nadhani mume yule ndiye narsisisti halisi, wa aina ile iliyojificha. Najua swali hilo linatoka wapi, na nalikataa. Sijawahi kumwona. Mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwauliza madaktari wa akili kama mgombea urais Barry Goldwater anafaa kiakili. Zaidi ya elfu moja walijibu kwamba hafai, bila hata mmoja wao kuwa amempima kwa ajili ya jibu hilo. Aibu iliyofuata ilizaa kanuni ya mwaka 1973 inayowakataza madaktari hao kutoa utambuzi wa mtu mashuhuri wasiyempima. Kama wao wamefungwa mdomo hivyo, sioni kwa nini mimi nimpe jina mtu kupitia simulizi ya mke wake. Zaidi ya hilo, jina halihitajiki. Kadi ya benki inamtosha. Zile mara mbili zinamtosha.

Kuna wanaonung'unika wakisikia mtu wa kawaida akisema "mume wangu ni narsisisti," na hukimbilia kumsahihisha. Mimi siwezi. Kwa wengi neno hilo ndilo lililowavusha kutoka "labda mimi ndiye mwenye kasoro" hadi "ninafanyiwa jambo." Mtu akilitamka mbele yangu simnyang'anyi. Namuuliza: anafanya nini? Ukimkatalia jambo, kinatokea nini? Fedha zako anazipanga nani? Nani anafungua simu yako? Kuna watu uliokuwa ukiwaona na sasa huwaoni? Akirudi nyumbani, tumbo lako linafanyaje? Dada yule alijibu swali la mwisho kabla ya mengine yote.

Kwa upande wake, mwenzangu alikataa wazo la kuwakalisha mume na mke pamoja kwa ushauri, ingawa ukoo uliusukuma sana. Alikuwa sahihi. Mahali mmoja anapomwogopa mwingine, kikao cha pamoja humpa anayeogopwa habari mpya za kutumia nyumbani. Walipanga kwa miezi: nyaraka, akaunti mpya, mahali pa kufikia, mtu wa kuaminika kazini. Hawakuharakisha, kwa kuwa wakati wa kuondoka na siku zinazofuata ndipo hatari huwa kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Na kaka? Nilianza kwa kulishughulikia faili. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 haina tena aina hii kwa jina. Hupima tatizo la haiba ni kali kiasi gani, kisha hueleza sifa zake. Nikaandika upya mstari wangu wa kwanza kwa mtindo huo: mtu ambaye thamani yake humomonyoka haraka anaposhindwa, ambaye hujikinga kwa dharau na kwa kuondoka, hana historia ya vurugu, hatari kubwa aliyonayo ni dhidi yake mwenyewe. Barua ya daktari niliiacha ilivyo, daktari hakukosea. Lakini mshauri atakayelifungua faili lile baada yangu atamkuta mtu kabla ya neno.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kwa tatizo hili. Kuna mazungumzo, kwa muda mrefu. Wanaosema hawabadiliki kamwe hawajasoma. Elsa Ronningstam na wenzake walifuatilia wagonjwa 20 kwa miaka 3, wakachapisha matokeo mwaka 1995: asilimia 60 walipungukiwa na dalili kwa kiasi kikubwa, na mambo yaliyoonekana kuwabadilisha ni mafanikio ya kweli, uhusiano uliodumu, na kuvunjika kwa ndoto waliyokuwa wakijidanganya nayo. Kundi dogo, najua. Ila hilo la tatu lilikuwa limeketi mbele yangu kila Jumatano. Tulifanya kazi ndogo ndogo: kurudisha deni la dada bila hotuba. Kumpigia rafiki wa shule. Kukaa na mama saa nzima akiwa yeye ndiye anayesimuliwa. Mengine aliyaweza, mengine aliyaacha katikati, na mara mbili aliondoka kikaoni kwa kishindo akasema mimi sina uwezo wa kumtibu. Alirudi mara zote mbili.

Dada aliondoka nyumbani kwake siku ya kazi, mchana, saa ambayo mume alikuwa kwenye mkutano. Aliyeendesha gari ni kaka. Katika kikao kilichofuata alikuwa amekasirika. Alinieleza kwa kirefu alivyopanga njia, alivyobeba masanduku peke yake, alivyofunga kitasa kipya kwa mikono yake, na kwamba ilifika jioni bila hata mtu mmoja kusema asante. Nilisubiri. Nilidhani tutaishia hapo, kama siku nyingine.

"Nilikuwa nafungua mdomo niwaambie," alisema. "Halafu nikamwona amekaa sakafuni, ameishika ile simu mpya, anaitazama tu. Kama haamini kwamba haitaita."

"Ukafanyaje?"

"Nikafunga mdomo. Nikaenda kuosha mikono."

Nikamuuliza kama ilikuwa vigumu. Alitazama dirishani muda mrefu, akasema ndiyo, vigumu kuliko masanduku.